Uvimbe wa ubongo: dawa anapata, moyo wake anautibu nani? (Amu, Malindi na pwani yote)

binti_wa_Langoni

Assalamu alaikum jamani, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Naandika kwa ajili ya kaka yangu mkubwa. Ni nahodha, boti za abiria Amu–Mokowe, na kabla ya hapo alikuwa kwenye majahazi. Ilianza kwa kichwa cha alfajiri, kile kinachomwamsha mtu kabla ya adhana na kumtapisha. Halafu mkono wa kulia ukawa unapigapiga wenyewe, akaanguka gatini mbele za watu. Wakasema upepo wa bahari. Akasomewa, akanywa kombe, na sina neno juu ya hilo, zafarani nilinunua mimi. Picha ya MRI ilipopigwa Mombasa ukaonekana uvimbe, upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Akapasuliwa, tukaambiwa jina lake glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la 4, ile kali kuliko zote. Mionzi amemaliza, vidonge vya kemo anaendelea navyo kwa mzunguko.

Habari za mwili siulizi leo, madaktari wanazo. Ninachouliza ni huyu mtu aliyeturudia. Kaka yangu alikuwa mtu wa mzaha, abiria walikuwa wakingojea zamu yake makusudi. Sasa anafoka kwa chumvi, kwa mlango, kwa mtoto kucheka. Kisha analia na kuomba radhi. Usiku halali, saa nane utamkuta darini peke yake anatazama mkondo. Na juzi alimwambia mkewe, "Bora ningezama zamani." Wifi yangu amekonda kuliko mgonjwa mwenyewe.

Wageni, alhamdulillahi, toka asubuhi hadi baada ya Isha hawakatiki. Kila mmoja anamwambia subiri. Wazee wa nyumba wameshakata shauri kwamba asielezwe ukubwa wa maradhi, asije akavunjika moyo.

Mwenye kujua anieleze. Mtu wa namna hii anasaidiwaje nafsi yake, na huku kisiwani aanzie wapi?

kijana_wa_Shela_Malindi

Pole sana dada. Allah ampe shifaa. Nafuatilia uzi, mjomba wangu ana hali hiyohiyo.

Mpwani_Mbishi

Pole dada yangu. Lakini tusidanganyane. Najua mtasema aende kwa kaunsela. Hawa makaunsela ni wa watu wasio na ukoo. Kwetu mtu akiugua mlango haufungwi. Kuna maimamu, kuna wazee wa baraza, kuna Yasini. Mtu mzima, nahodha, avuke maji, apande basi kutwa nzima mpaka Mombasa, akamweleze msichana wa chuo mambo ya nyumbani kwake? Na huko kumwambia mgonjwa kwamba maradhi hayana dawa ndiko kumuua kabla ya siku yake. Wazee wamesema kweli, msimwambie.

NesiMalindi

Dada wa Langoni, nimeuguza wagonjwa wa saratani miaka mingi, nitakujibu kwa urefu. Lakini naanzia na neno moja kabla ya yote.

"Bora ningezama." Hilo msilipite. Mtu mmoja anayemwamini, wewe au rafiki yake wa chombo, akae naye faraghani amuulize waziwazi: unafikiria kujiua? Msiogope kwamba kuuliza ndiko kutamtia wazo kichwani, sivyo lilivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hushusha pumzi. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa zote zishikwe na mtu mwingine, na mmwone daktari siku hiyohiyo, msingojee tarehe ya kliniki. Usiku wa manane mkikosa pa kukimbilia, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haitozwi, ina watu waliofunzwa kusikiliza. Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Basi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Na darini usiku asipande peke yake hata kama hana wazo lolote baya, kwa sababu anaweza kushikwa na kifafa pale juu.

Sasa hasira. Saratani ya ubongo haifanani na ya titi wala ya tumbo. Kiungo kinachougua ndicho kinachohuzunika, ndicho kinachojizuia, ndicho kinachokumbuka. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu mkorofi, au kumwambia ana huzuni, tafuteni kwanza hasira inatoka wapi.

Inaweza kuwa uvimbe wenyewe, au kovu la upasuaji. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwambia mtu "neno hili limeze". Ikiguswa, neno linatoka. Wengine huwa kinyume, wanakaa siku nzima bila hamu ya lolote, jamaa wakadhani ni uvivu au kiburi, au wakadhani ni huzuni wakati mwenyewe hana uchungu wowote moyoni.

Inaweza kuwa dawa. Muulize wifi yako vidonge anavyokunywa. Nina hakika karibu kamili kwamba deksamethasoni alipewa, ile ya kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Ni dawa nzuri, kichwa kinapoa na mkono unapata nguvu. Lakini inaondoa usingizi, inaleta njaa isiyoshiba, uso unavimba, mtu anakuwa na joto la roho, na wachache huona au kusikia visivyokuwapo. Ikinywewa jioni ndiyo hayo ya kukesha darini. Kwa kawaida huelekezwa inywewe asubuhi, na kama ni mara mbili, ya pili iwe adhuhuri. Ulizeni daktari kama dozi inaweza kupunguzwa. Lakini msimwachishe wenyewe ghafla! Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake kwa kuitegemea dawa, na kuikata siku moja ni hatari ya kufa. Ya pili ni levetirasetamu, wengine mnaijua kwa jina la Keppra, ya kuzuia kifafa. Kwa baadhi ya watu inaleta hasira ya ajabu, mtu mpole anavunja sahani. Hiyo nayo haiachwi kienyeji, lakini zipo nyingine za kubadilishia. Kwa hiyo andikeni kwenye daftari hasira ilianza lini na kila dawa iliongezwa lini, mkampe daktari daftari lenyewe. Nimeona ndoa ikikaribia kuvunjika kwa kidonge ambacho daktari alikibadilisha kwa dakika 10.

Inaweza kuwa mionzi. Kwa glioblastoma utaratibu wa kawaida ni mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Kwa mtu wa Amu hizo ni wiki 6 za kulala nyumba za watu. Na mionzi ikiisha uchovu hauishi nayo, mara nyingi ndipo unapozidi, mtu analala mchana kutwa na fikra zinakwenda polepole. Asilazimishwe.

Na inaweza kuwa moyo wenyewe. Huyu ni nahodha asiyeruhusiwa tena kushika usukani. Mngetaka acheke?

Mara nyingi ni vyote kwa pamoja. Ndiyo maana maneno peke yake hayatoshi, na vidonge peke yake havitoshi. Huzuni nzito ikithibitishwa, kuna dawa za huzuni anazoweza kunywa, ila anayeandika aambiwe habari ya kifafa, maana mojawapo, bupropioni, huongeza hatari ya kifafa.

Nitaendelea, zamu yangu inaanza.

Mpwani_Mbishi

Nesi, habari ya vidonge nimekuelewa na nakushukuru. Ya kaunsela bado.

Mwenye_Uvimbe

Naandikiwa na binti yangu. Mimi nasema, yeye anachapa, tukichoka tunaacha.

Mimi ni mpishi wa hoteli za Waitaliano hapa Malindi. Uvimbe wangu ni daraja la 2, unakwenda polepole, usinipime na kaka yako. Nilianguka jikoni. Nilipopasuliwa nikaamka maneno hayaji. Ajabu yake Kiitaliano cha jikoni ndicho kilichotangulia, Kigiriama kikafuata, Kiswahili mwisho. Wodini walicheka. Na mimi nikacheka. Usiku nikalia.

Kilichoniumiza kuliko kisu ni watu kuzungumza juu ya kichwa changu. "Amekula?" wanamuuliza mke wangu, mimi niko hapo. Wananiongelesha kwa sauti kubwa kama kiziwi. Wananimalizia sentensi, tena vibaya. Nikichelewa kujibu wananitafutia jibu. Mwishowe nikawa sisemi. Wakasema nimeshuka moyo. Nilikuwa nimechoka nao tu.

Kaunsela nilimkataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja na karatasi yenye picha na kalamu, akaniuliza, "Leo kibaya zaidi ni kipi?" Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikapata neno. Neno lilikuwa "jikoni". Hakuna mtu aliyewahi kunipa muda huo, hata mama yangu mzazi.

Rafiki yangu mmoja alikuwa akija na dhumna. Tunacheza, hatuzungumzi maradhi. Huyo naye alinitibu.

Na wiki ya kabla ya kwenda kupigwa picha, niacheni. Silali, siongei, nahisi kila kichwa ni uvimbe umerudi. Tarehe ya picha na tarehe ya majibu zikipishana mno ni adhabu. Siku hizi mke wangu anaomba zikaribiane, na siku ya kungojea tunakwenda kwa dada yangu Mambrui, tunashinda huko. Nimechoka.

NesiMalindi

Mzee, shikamoo, na ahsante. Hukuacha neno.

Wanaomuuguza mtu wa namna hii, mshike hili: kupotea kwa maneno si kupotea kwa akili. Kaeni mbele yake, mtu mmoja aseme kwa wakati mmoja, redio izimwe, swali liwe fupi, ikiwezekana la ndiyo au hapana, halafu ngojeni.

Mwalimu_Siyu

Naongezea hapo kwa Nesi. Mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyekuwa karibu hana neno jingine ila "tan". Ukimuuliza anakujibu tan, kwa ishara na kwa kupandisha na kushusha sauti, na yale anayoulizwa alikuwa anayaelewa kwa sehemu kubwa. Alipokufa wakakuta ubongo umeharibika upande wa kushoto, mbele. Ni jirani ya pale alipougulia kaka wa huyu dada. Zaidi ya miaka 160 imepita na sisi bado mtu akikosa neno tunamwita mwendawazimu.

Ustadh_Gede

Ndugu Mbishi, mimi ni katika hao maimamu unaowataja, basi niruhusu. Nimeingia kwa wagonjwa wengi. Tunasoma, tunaomba, na Qur'ani ni shifaa, hilo halina mjadala. Lakini mtu akiniambia haoni raha ya kuishi, au anasikia sauti, mimi sikusomea hayo. Na kuna jambo wasomaji tunalifanya si zuri. Mgonjwa akianza kueleza hofu yake tunamkata kwa aya. Tunamwambia Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila iwezavyo, naye anasikia kwamba akilia ameasi. Nabii Yaqubu alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'ani haikumlaumu. Basi tukae tusikie kwanza.

Kuhusu kuambiwa ukweli. Mtu mzima ana madeni, ana wasia, ana amana za watu, ana aliyegombana naye anayetaka radhi yake. Mkimficha mnamnyima nafasi ya kuyatengeneza. Hili nalisema kama mtu wa dini.

Mpwani_Mbishi

Ustadh, wasia nakubali. Lakini kuna mtu ukimwambia anazima palepale. Nimemwona mmoja kwa macho yangu. Alikuwa anakula, anatembea, daktari akamtajia miezi kama bei ya samaki, akageukia ukuta. Mnasemaje kuhusu huyo?

NesiMalindi

Nasema huyo daktari alikosea namna ya kusema. Mimi sikubaliani na wanaoficha, wala na wanaotupa habari usoni kwa mtu. Kuna njia ya tatu, kumuuliza mwenyewe. "Maradhi haya unayaelewaje? Kuna kitu ungependa kujua zaidi, au ungependa daktari azungumze na mtu mwingine badala yako?" Wengine watasema nielezeni yote. Wengine watasema, zungumzeni na mke wangu, mimi nipeni dawa. Jibu lolote kati ya hayo ni haki yake. Na akiuliza muda, hesabu za daktari ni za kundi la watu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, ambao ndio uliotupa huu utaratibu wa mionzi pamoja na temozolomidi, yaani vidonge vya kemo, ulikuta nusu ya wagonjwa waliopata vyote viwili walipita miezi 14 na kidogo. Nusu hawakufika hapo, nusu walipita, na wachache walipita kwa miaka. Hakuna anayejua kaka wa dada huyu yuko upande gani.

Tena mara nyingi anajua. Nahodha aliyekaa wiki nyingi kwenye chumba cha mionzi akizungumza na wagonjwa wenzake, mnadhani hajui? Anawaficha ninyi kwamba anajua, nanyi mnamficha kwamba mnajua, na nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole.

Kuhusu pa kuanzia. Hapo Amu anzeni hospitali ya King Fahd. Mwambieni wazi mnayemkuta kwamba mnataka msaada wa nafsi, msiseme "kichwa" tu, mtapewa panado. Ombeni kuonana na anayeshughulika na afya ya akili, au barua ya rufaa. Najua mtu akisikia daktari wa akili huku pwani anafikiria Port Reitz, kule Mombasa wanakotibiwa wagonjwa wa akili, na watu wanacheka. Waacheni wacheke. Mombasa kuna Coast Hospice, wanaotuliza maumivu na kuwasaidia wagonjwa wa maradhi mazito na jamaa zao. Hospisi watu huiogopa, wanadhani ni nyumba ya kungojea kufa. Aliyeanzisha mwendo huu London mwaka 1967, Cicely Saunders, alikuwa akifundisha kwamba maumivu ya mtu yana mwili, nafsi, jamaa na imani kwa pamoja, na huwezi kutuliza moja ukaacha mengine. Mtu anaweza kuhudumiwa na hospisi huku kemo inaendelea. Na tarehe za kliniki ya Mombasa mziunganishe na hayo mazungumzo, asivuke maji mara mbili.

Mazungumzo yenyewe yawe mafupi, asubuhi kabla hajachoka. Mke awepo mwanzoni, kisha atoke. Yaliyokubaliwa yaandikwe kwenye daftari maana atasahau, si makusudi.

mke_wa_mtu_Faza

Nasoma nalia. Mume wangu alikuwa na uvimbe wa mbele. Alikuwa hanyanyui sauti, akawa anatukana mbele ya wakwe, na mwenyewe haoni kama amebadilika, ananishangaa mimi. Watu wanampa pole yeye. Mimi naambiwa nivumilie. Nilimlilia mume aliye hai, na mtu kama mimi hana eda wala matanga, hakuna anayekuja na uji. Dada wa Langoni, mwangalie wifi yako. Asiulizwe mgonjwa anaendeleaje, aulizwe yeye amelala saa ngapi. Na usiku mmoja katika wiki mchukueni alale kwao.

binti_wa_Langoni

Dada wa Faza, nimemsomea wifi maneno yako. Alikaa kimya, akasema, "Mwulize nambari yake." Nitakuandikia faraghani.

Mama_Kizingitini

Na watoto waambiwe nini? Wa kwetu ana miaka 6, anauliza kwa nini babu anamgombeza.

NesiMalindi

Aambiwe kweli kwa maneno ya umri wake. Babu ana uvimbe kichwani, uvimbe ndio unaomfanya afoke, si wewe uliyemkosea, na maradhi haya hayaambukizi. Hayo ya kwamba si kosa lake yarudiwe tena na tena, watoto hujilaumu kimyakimya. Pia aelezwe kifafa kinafananaje na amwite nani. Msimwambie mtu "amelala" mkimaanisha amekufa, ataogopa kulala.

Mpwani_Mbishi

Haya, narudi kwenye swali langu la baraza maana hamjanijibu. Kwa nini tusitumie tulichonacho? Mimi sina imani na ofisi.

kijana_wa_Shela_Malindi

Kaka, hapo una hoja na kuna waliokutangulia. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na kina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Waliwafunza, wakawawekea benchi nje ya zahanati. Mwenye mawazo anakaa na bibi, wanachambua tatizo moja moja na kulitafutia hatua. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida. Hao hawakuwa wagonjwa wa saratani ya ubongo, nasema nisije nikapotosha. Na tofauti na baraza letu ni kwamba wale kina bibi walifunzwa, wana siri, na wana nesi wa kumpelekea aliyezidiwa. Barazani kwetu ukieleza neno alasiri, magharibi limeshafika Matondoni.

Mpwani_Mbishi

Hahaha. Hilo la Matondoni ni kweli, siwezi kukana.

binti_wa_Langoni

Wapendwa, narudi na habari.

Tulianza na lile neno la kuzama kama Nesi alivyosema. Aliyemuuliza ni rafiki yake wa zamani wa jahazini. Akajibu kwamba hana nia ya kujiua, amechoka na kuwa mzigo, na kama usingizi ungepatikana angekuwa mtu mwingine. Dawa hata hivyo anazishika wifi. Daktari tulimpigia, akakuta ile deksamethasoni ya pili alikuwa akinywa baada ya Isha, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoandikiwa kwenye bahasha ya duka la dawa, mara mbili kwa siku, basi. Imesogezwa adhuhuri na dozi inashushwa kidogo kidogo. Analala. Hasira haijaisha ila imepungua, na ile ya kifafa itaangaliwa kliniki ijayo.

Kuhusu kumwambia, baba alikataa mpaka Ustadh mmoja wa hapa alipokuja kumsomea maneno ya Ustadh wa Gede kwenye simu. Daktari akamuuliza kaka kama anataka kujua. Akasema, "Najua toka Mombasa. Nilikuwa nangoja ninyi mjue." Kisha akataka aitwe mtu wa boti, ana hisa zake anataka ziandikwe jina la mkewe.

Kaunsela amemwona mara moja, King Fahd, kijana tu, si msichana wa chuo, bwana Mbishi. Hakumpa nasaha yoyote. Walizungumza boti tu. Kaka ameamua kila asubuhi apelekwe gatini na mtoto wa dada, akae na manahodha, amfundishe kijana kupita mkondoni maji yakitoka. Chomboni hapandi. Wengine nyumbani wanaona ni kujitesa. Mimi naona anarudi ana njaa.

Wageni tumewawekea saa, asubuhi watu wawili wawili. Shangazi zangu wamekasirika, nawaachia wakasirike.

Swali la mwisho ni Ramadhani. Anasema atafunga, na ukimwambia hana lazima analia kuliko alivyolilia maradhi.

Ustadh_Gede

Mgonjwa ameruhusiwa kula, kwa nassi ya Qur'ani, na ambaye hatarajiwi kupona analisha maskini kila siku moja. Lakini usimwambie "huna lazima", ni kama unamtoa safuni. Mwambie ibada yake mwaka huu ni hiyo fidia, na aitoe kwa mkono wake mwenyewe, yeye apike au apeleke. Nimewaona wengi wakitulia kwa hilo.

NesiMalindi

Kitabibu, muone daktari ndani ya Shaaban, msingoje mwezi uandame. Kifafa huchochewa na kukosa usingizi na kuruka dozi, na daku ni usingizi uliokatwa. Vidonge vya kifafa vya mara mbili kwa siku vinaweza kupangwa futari na daku, huku karibu na ikweta saa zake zinaachana karibu sawa mwaka mzima. Lakini deksamethasoni ya adhuhuri haina pa kuwekwa, na siku za vidonge vya kemo anaweza kutapika. Kwa hali yake mimi nisingemshauri afunge. Daktari wake ndiye wa kuamua, na kaka awepo akiamuliwa.

Mpwani_Mbishi

Dada, huyo nahodha nadhani namjua, amenivusha mara nyingi kwa mkopo. Mwambie nitakuja kesho baada ya alasiri. Nakuja na dhumna, na sitamwambia subiri.

binti_wa_Langoni

Alasiri huwa amelala. Njoo saa tatu asubuhi, na usizidi nusu saa.